Kabla na Baada

Wete, juu ya duka la misumari na rangi,
saa nne za usiku, feni inalalamika,
nami natafuta mstari usiokuwepo.

Bi Mize hushona kofia za viua.
Kaniambia: "Nifanyie ukurasa, mwanangu,
watu wa Maskati wanione
bila ya kuniamsha kwa simu."
Majina ya kofia nimeyapanga:
Lozi, Mkufu, Nyota Saba, Jicho la Kuku,
na chini ya kila jina nataka uzi mwekundu
ujinyooshe kipanya kinapopita,
urudi kinapoondoka.
Hilo tu. Leo usiku wa tatu.

Uzi wenyewe si kitu, nikwambie kweli.
Haumo katika maandishi ya ukurasa,
ukiutafuta huuoni, ukiuchagua haushikiki.
Nukta mbili, tena nukta mbili, kisha neno: baada.
Kivuli kilichopewa ruhusa ya kusimama.
Nacho kina adabu zake:
usipokipa maudhui hakiji,
hata kama maudhui yenyewe
ni alama za kunukuu na hewa katikati.
Usiku wa kwanza wote niliisahau hewa.

Bi Mize alicheka nilipomweleza.
Akainyanyua kofia kwenye taa:
matundu mamia, kila tundu limezungushiwa uzi.
"Wadhani nauza nini? Kitambaa kila mtu anacho.
Mimi nauza matundu."

Usiku wa pili mstari ukaja,
ila ulikuja kama askari: haupo, upo.
Nikauambia: anzia sifuri, fika mia kwa mia,
chukua thuluthi ya sekunde,
anza pole, maliza pole.
Ukatii. Ukatambaa chini ya Lozi
kama hina inavyofuata ukingo wa kisigino.
Nikaondoa kipanya.
Pap! Haupo.

Na saa hiyohiyo, wallahi, umeme ukakatika.
Wete nzima, mia hadi sifuri,
hakuna aliyeuandikia mpito.
Chini dukani nilimsikia Faki
akihesabu misumari kwa sauti
asije akapoteza idadi,
na humo gizani nikaliona kosa langu:
mpito niliuweka penye kuguswa,
sikuuweka nyumbani, mstari ulikolala.
Niliufundisha kuja.
Sikuufundisha kwenda.

Kaka yangu Asaa alikwenda hivyo,
kati ya adhuhuri na alasiri,
chakula chake bado kimefunikwa kawa.
Lakini siandiki habari zake.
Naandika habari za mstari.

Leo nimeuhamisha mpito,
herufi zilezile, mahali pengine.
Sasa uzi unaingilia kushoto, unatokea kulia,
haurudi nyuma, unapita
kama mgeni aliyeonyeshwa mlango wa uani.
Nimeuchezea hadi feni ikachoka.

Asubuhi nikampelekea.
Akafungua kwa simu yake, kioo kina ufa,
akagusa Nyota Saba.
Kimya.
"Uko wapi uzi wangu?"

Simu haina kipanya! Kidole hakielei juu ya neno,
kinatua, kinaondoka, hakina katikati.
Usiku tatu nimelipamba lango
ambalo mwenye nyumba hapitii.

Nikakaa papo hapo, kompyuta magotini,
vipande vya nyuzi vinaniganda suruali,
nikaongeza sheria moja, ya kidole kinapobonyeza.
"Jaribu tena. Usiwe na haraka."
Akabonyeza. Uzi ukaja.
Akaachia,
akautazama ukienda mpaka ncha yake ya mwisho.
Akarudia. Akarudia tena,
Mkufu, Lozi, Jicho la Kuku, kisha Mkufu tena,
mimi nikijifanya natafuta chaji.

"Hapo," alisema. "Hapo sasa unaaga."

Akailamba ncha ya uzi wake,
akaitafuta sindano.